Tulivyomtafutia Mkwe Wetu Ukoo

Kaka yangu aliuliza swali moja tu, na posa yote ikavunjika kabla mboga yetu ya sombe haijapakuliwa.

Tulikuwa sebuleni kwake, Grand Prairie, kaskazini mwa Texas, Jumamosi mchana. Makochi tulikuwa tumeyasukuma ukutani ili watu watoshe, watoto tumewafungia chumbani na televisheni, na mimi nilikuwa nimesimama jikoni tangu asubuhi. Mgeni wetu alikuwa kijana wa Kizungu, mzaliwa wa Texas, fundi wa eksirei katika hospitali moja ya Houston. Alikuwa ameendesha gari kutoka huko kuja kumwomba binti wa kaka yangu, ambaye alikuwa muuguzi hospitali hiyohiyo. Alikuja na rafiki yake mmoja wa kazini, basi. Jamani, posa, mtu anakuja na rafiki wa kazini! Nikajitia sijaona.

Kaka Kiingereza hakimpandi, na binti mwenyewe kwa desturi yetu hafungui mdomo siku hiyo, kwa hiyo mimi shangazi ndiye niliyekuwa mkalimani. Kiingereza changu nilikiokota katika kambi ya wakimbizi kule Kigoma, nikakinoa kwenye ghala la viatu nilikokuwa nafanya kazi. Kinatosha.

Kaka akakohoa. "Mwulize: yeye ni mwana wa nani, wa nyumba gani, wa ukoo gani?"

Nikatafsiri. Kijana akataja jina lake la mwisho. Silitaji hapa, maana bado ni mkwe wetu na mimi nataka amani.

"Hilo ni jina," kaka akasema. "Mimi nauliza ukoo. Baba yake ni nani? Babu yake je? Watu wake walitoka wapi?"

Kijana akawa mwekundu mpaka masikioni, akatazama viatu vyake. "Sijui," akasema. "Nadhani zamani sana walitoka Uingereza."

"Anadhani?" Kaka akanigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa. "Mtu anadhani ukoo wake?" Kisha akasimama, akasema tusali, wageni wana safari ndefu. Akaomba Mungu awalinde barabarani, akasema amina, akafungua mlango. Nikawafungia chakula kwenye karatasi ya fedha, kwa sababu hata mtu asiye na ukoo ana tumbo. Binti yetu alikuwa chumbani analia, na sauti tuliisikia wote.

Msimwone kaka yangu mkorofi. Kwetu Kongo, kule milimani nyuma ya Uvira, mwanamke haolewi na mtu mmoja, anaolewa na nyumba. Wakigombana, wazee wa nyumba ile wanaitwa. Mume akifa, nyumba ile ndiyo inayomtazama mjane na watoto. "Huyu siku akimpiga mwanangu," kaka aliniambia jioni ile, "niende kwa nani? Kwa rafiki yake wa kazini?"

Tena kulikuwa na jambo jingine, zito zaidi. Vita vilitutoa kwetu bila hata picha moja. Nyumba ya baba ilichomwa, mashamba wanalima wengine, makaburi hatuyajui tena yalipo. Tulichotoka nacho ni majina kichwani. Kila Jumapili baada ya kanisa, kabla ya chakula, kaka aliwasimamisha watoto wote wa nyumba yetu, watatu wake wadogo na mmoja wangu, na kila mmoja akataja: mimi ni fulani, mwana wa fulani, wa fulani, hadi kizazi cha saba. Watoto wale walijibu mambo yote ya dunia kwa Kiingereza isipokuwa hilo. Aliyekosea alirudishwa mwanzo, na ugali ukapoa.

Jumatatu binti yetu akanipigia simu kutoka Houston. "Shangazi, mimi nitaolewa naye, baba atake asitake."

"Olewa. Mimi nakuzuia?"

Akaanza kulia tena. "Sitaki kuolewa bila baba."

"Sasa mwanangu, nikuokoteshee ukoo wapi?"

"Kila mtu ana ukoo, shangazi. Yeye hakufundishwa tu."

Neno hilo lilinikaa. Nikaenda kwa kaka, nikamkuta anakata nyasi, nikamzimia mashine. Tukabishana pale uani mpaka jirani akatoka kuchungulia. Mwishowe akasema, "Akiniletea ukoo wake, nitamsikiliza. Asiponiletea, wasinialike harusini." Nilimjua kaka yangu. Asingekwenda, na binti angefunga ndoa akiangalia mlango, na nyumba yetu ambayo vita havikuimaliza ingemalizwa na mzungu mmoja mpole. Nikaamua kuutafuta huo ukoo mimi mwenyewe.

Basi mwisho wa wiki uliofuata nikaingia barabara kuu kuelekea Houston. Kuendesha gari nimejifunza ukubwani, na malori ya Texas hayana adabu, lakini nilifika. Kijana alikuwa anaishi Pearland, pembeni ya Houston, na bibi yake, mwanamke mwembamba mwenye nywele nyeupe, ambaye ndiye aliyemlea. Mama wa kijana alifariki angali mdogo. Bibi na mjukuu walikuwa na jina moja la mwisho, kwa hiyo nikadhani ni mama wa baba yake, nikamuuliza moja kwa moja: huyo mwanao, baba wa huyu, yuko wapi? Bibi akasema anakwenda kuchemsha kahawa. Alikaa huko jikoni muda mrefu, na kahawa ilipokuja hakuna aliyerudi kwenye swali.

Haya. Mimi nikaomba kitabu cha simu.

Nieleweni hapa. Kwetu, ukikutana na mtu ana jina la ukoo wako, hata kama hujapata kumwona, huyo ni ndugu. Unamkaribisha, unamlisha, ukiwa na harusi unamwita. Nikafungua kitabu cha simu cha Houston, nikakuta jina la kijana limejaa safu nzima na kuendelea. Nilipiga kigelegele palepale. Kijana hana ukoo? Ukoo huu hapa, una namba za simu! Binti yetu, aliyekuwa amenifuata huko, akaniambia, "Shangazi, hapa hawafanyi hivyo," nikamwambia akakae.

Nikapiga. "Habari za leo, mimi ni shangazi wa bibi harusi. Wewe ni ndugu wa bwana harusi. Tunakuomba uje Grand Prairie kusimama naye." Wa kwanza akakata. Wa pili akaniuliza ninauza bima gani. Mwanamke mmoja akasema ataita polisi, nikamwambia awaite, nao waje kwenye harusi, chakula kitatosha. Kijana alikuwa amejifunika uso kwa mto. Sijui kama alikuwa anacheka au analia.

Aliyenisikiliza mpaka mwisho ni mzee mmoja mwenye sauti nzito ya taratibu. Aliniuliza ninatoka wapi, nikamwambia. Akaniuliza bwana harusi ni mweupe, nikasema ndiyo. Kisha akasema kwa upole kwamba jina lile watu wake hawakuzaliwa nalo. Walipewa na wazungu waliowamiliki babu zake utumwani, na nisimwombe akasimame kama ndugu na watu wa jina hilo. Nikasema, "Baba, nisamehe." Akasema si kosa langu, akamtakia binti heri. Nikaweka simu chini na sikupiga nyingine. Nilikaa pale kwenye kochi na aibu yangu, na hasira pia, ingawa sikujua niikasirikie nani.

Kesho yake kijana akasema kwa sauti ndogo, "Anti, kuna maktaba." Kumbe Houston kuna maktaba nzima ya kutafutia mababu! Sikuamini mpaka nilipoingia. Wazee wa Kizungu wamejaa, wameinama mbele ya mashine zinazoonyesha picha za karatasi za zamani, wanatafuta babu zao kama mtu aliyeangusha funguo kwenye mchanga. Niliwaonea huruma. Sisi tuliokimbia na nguo moja tunao mababu kichwani, na hawa wenye nyumba na magari wanawatafuta kwa miwani.

Tulianza na jina lenyewe. Kuna kitabu kinene kinachoeleza majina ya Waingereza yalikotoka, na pale tukasoma kwamba jina la kijana lilitokana na kivuko, mahali ambapo mikokoteni ya ng'ombe ilivukia mto. Vijiji vya namna hiyo vilikuwa vingi Uingereza. Zamani mtu akihama kijijini kwake, waliompokea walimwita kwa jina la alikotoka, na watoto wake wakaendelea nalo. Kwa hiyo watu mia wanaweza kuwa na jina lile bila kuwa na tone moja la damu ya pamoja. Ningelisoma hilo siku moja kabla, ningejiokolea matusi.

Mwaka ule nilishuka Houston kila nilipopata Jumamosi. Tulikwenda nyuma hatua kwa hatua, kutoka kwa babu aliyekuwa mume wa yule bibi, mpaka baba yake, mpaka baba wa baba yake, kwa kufuata sensa za kale. Hatimaye tukamkuta wa kwanza, Mwingereza aliyeshuka melini bandari ya Galveston akiwa kijana. Mimi nilikuwa nimeomba awe mchungaji, au angalau askari mwenye cheo, kitu cha kumtishia nacho kaka. Alikuwa mfyatua matofali.

Nilimpenda papo hapo. Kwetu kila mwanamume amefyatua matofali, na baba yangu alikuwa na mikono ya kazi hiyo, iliyopasuka haiponi. Katika sensa ya kwanza huyu Mwingereza ni mpangaji katika nyumba ya mtu, kibarua, peke yake. Katika inayofuata ana mke, watoto wanne, na kiwanja chake cha udongo karibu na mto Brazos. Nikampongeza kwa sauti, mwanamke wa meza ya pili akaniambia shii. Halafu inakuja sensa nyingine na watoto wawili hawamo tena. Mara ya mwisho ni mzee anayekaa kwa binti yake. Mahali pa kazi wameandika hana, na mahali pa maradhi wameandika haoni. Kijana alikitazama kile kioo cha mashine muda mrefu. "Alikuwa kipofu," akasema, "na mimi nilikuwa sijui hata kwamba alikuwepo." Siku hiyo alininunulia chakula cha mchana, akaniuliza babu zangu mimi ni akina nani. Nikamtajia wote saba palepale mezani, na akaomba nirudie.

Kilichobaki ni kijiji. Tulipata jina lake kwenye kumbukumbu za meli, na vitabu vya ubatizo vya kanisa la kijiji hicho viliwahi kupigwa picha, ambazo maktaba iliweza kuziagiza. Zilipofika, nilikuwa nimevaa kitenge changu kizuri. Tulizungusha mkanda wa picha, tukazungusha, tukamwona. Mtoto wa kiume, siku ya kubatizwa, jina la mama. Mahali pa baba pako wazi. Kando yake karani wa kanisa ameandika neno la kizamani, ambalo hata mimi nililielewa: mtoto wa nje. Jina lile la kivuko, tulilohangaika nalo mwaka mzima, lilikuwa la mama yake.

Kijana alizima mashine, akatoka. Nilimkuta kwenye maegesho ameegemea gari, jua linamchoma.

"Hata yeye," akasema. "Hata wa kwanza kabisa."

"Hata yeye vipi?"

Hapo ndipo akaniambia. Baba yake hamjui. Hakuna aliyewahi kumtajia. Jina alilo nalo ni la mama yake, na bibi wa Pearland ni mama wa mama yake. Alipoulizwa na kaka siku ile alisema hajui, kwa sababu ukweli ulikuwa mbaya zaidi ya kutojua. "Kaka yako atasema nini akisikia? Sisi hatuna ukoo, Anti. Tuna wanawake walioachwa tu."

Lo! Damu ilinipanda kichwani. Nilimwambia afunge mdomo wake kabla sijaufunga mimi. Kisha nikamuuliza, "Nani alitoa mahari ya huyo mama wa Uingereza?"

Akanitazama. "Hakuna mahari Uingereza."

"Nani alikwenda kwao, akabisha hodi, akasema namtaka binti yenu?"

"Hakuna mtu, nadhani."

"Na mama yako?"

"Hakuna."

"Basi! Sasa unalia nini?" Nikamweleza, palepale juani, jambo ambalo kwetu hata mtoto mdogo analijua. Mwanamume asiyekwenda kwao mwanamke hana mtoto. Mtoto ni wa nyumba ya baba wa mama yake, analala humo, anarithi humo, anataja mababu wa humo. Si mtoto wa nje. Yuko ndani kabisa, pengine kuliko wengine. Yule mfyatua matofali alikuwa na ukoo, na wewe unao, uleule, haukukatika hata mara moja. Aliyeuacha wazi ule mstari wa kitabu alikuwa karani tu.

"Unasema hivyo kunifariji," akasema.

"Mimi sifariji watu. Ninaye binti."

Nikamsimulia. Binti yangu nilimzaa kambini, na mwanamume aliyehusika alihamishiwa kambi nyingine na hakutuma hata salamu. Watu wakaanza maneno. Kaka akaingia hemani, akamchukua mtoto mikononi, akatoka naye nje mbele ya wote, akasema, hakuna aliyeleta mahari, mtoto huyu ni wetu. Akampa jina la bibi yetu. Tangu siku ile anamwita kaka baba, na Jumapili akisimama kutaja ukoo anamtaja yeye kama aliyemzaa. Kaka aliamua hivyo kwa upendo, mtoto asichekwe. Nilimshukuru na ninamshukuru. Lakini kila Jumapili nilikuwa jikoni nikikoroga mchuzi, nikiusikia ukoo wangu mwenyewe ukinipita. Hilo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, na nilishangaa nimelisema kwenye maegesho ya magari, kwa Kiingereza.

Kijana alinishika mkono, kisha tukarudi ndani kutoa nakala.

Kazi ngumu ilikuwa bibi. Alikataa kabisa. Aende nyumba ya watu asiowajua akasimulie aibu ya binti yake? Hapana, asante. Nikamwambia, "Mama, bila wewe hakuna posa. Mumeo amekwenda, binti yako amekwenda. Wewe ndiye nyumba." Halafu akauliza wanawake huvaa nini siku kama hiyo, nikajua tumeshinda nusu.

Mara ya pili walikuja watatu: kijana, rafiki wa kazini aliyekuwa sasa amezoea sombe, na bibi, ana gauni la bluu la kanisani na pai ya matunda mkononi. Kaka aliona pai, akaona nani ameibeba, akaninong'oneza, "Msemaji wao ni mwanamke?" Nikamwambia ndiye mkubwa wa nyumba, kama ana malalamiko ayapeleke kwa Mungu.

Bibi alisema yote. Alisema kwa sauti isiyopanda wala kushuka, mikono imeshikana mapajani, na mimi nikatafsiri neno kwa neno. Habari ya mfyatua matofali, na habari ya mama yake Mwingereza. Kisha habari ya binti yake mwenyewe, aliyerudi nyumbani na mimba na hakutaja mtu. Alipomaliza, kaka alitikisa kichwa polepole.

"Kwa hiyo baba hayupo," akasema. "Na huyo babu wa kwanza, baba yake naye hayupo. Nyumba gani hii inayoanza na mwanamke asiye na mume?"

Sikutafsiri. Bibi akaniuliza amesema nini. Nikamwambia asubiri.

"Kaka," nikasema, "hilo halipiti mdomoni mwangu. Unataka kulirudia, lirudie. Lakini ngoja kwanza nimwite binti yangu kutoka chumbani, alisikie na yeye."

Sijawahi kumsemesha kaka yangu hivyo mbele ya wageni. Mke wake alishika mdomo. Mimi niliendelea. "Nani alisimama nje ya hema akasema hakuna aliyeleta mahari, mtoto huyu ni wetu? Mimi? Au ulikuwa wewe? Kama mtoto wangu ni wa nyumba hii, huyu ni wa nyumba yake. Kama huyu hana nyumba, basi niambie leo binti yangu ni wa wapi."

Kaka alivua miwani. Aliifuta kwa shati, akaitazama, akaifuta tena. Nilidhani atasimama na kutuombea safari njema. Badala yake akaniambia, taratibu, "Mwulize mama: yuko mtu aliyewahi kwenda kwake kuleta mahari ya binti yake?"

Nikauliza. Bibi akajibu, "Hakuna mtu aliyewahi hata kubisha hodi."

"Na yule mama wa Uingereza?"

"Hakuna," kijana akasema.

"Basi hawa ni watoto wa babu zao," kaka akasema. "Ni jambo la wazi. Kwa nini mlimwacha huyu mwanangu aniambie hajui?"

Nikatafsiri, na lile neno mwanangu sikuliruka. Bibi alisikiliza, akaniuliza kama nimesikia sawasawa, nikasema nimesikia. Akasema kwamba mumewe alikufa akiamini jina lake limekwisha, kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kiume. Akalia, sasa waziwazi, na mke wa kaka akaenda kukaa karibu naye. Mimi pia nililia, sioni haya kusema.

Kaka hakumaliza hapo. Akataka kijana asimame ataje. Nilikuwa nimemfundisha kwa simu, kwa Kiswahili, wiki nyingi. Akasimama, mikono imeshuka, akataja jina lake. "Mwana wa," akasema, akataja jina la mama yake. Alilisema kwa nguvu kuliko lake. Kisha baba wa mama yake, na baba wa huyo, mpaka mfyatua matofali, na mwisho kabisa, mwana wa yule mwanamke aliyepeleka mtoto kanisani peke yake, wa watu wa kwenye kivuko. Kaka alikuwa anatikisa kichwa kwa kila jina, kukubali. Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka, na binti yetu akatoka chumbani bila kuitwa, desturi au si desturi.

Kwa furaha kaka akawaita watoto wote. "Na sisi tuwaonyeshe wakwe zetu tulivyo." Wakajipanga kama Jumapili. Wakataja, mmoja baada ya mwingine, na bibi akawapigia makofi kila mmoja, ingawa hakuelewa neno. Wa mwisho alikuwa binti yangu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kusikiliza mambo ya wakubwa kupitia milango. Alitaja jina lake.

Kaka akasubiri asikie jina lake yeye, kama siku zote. Mtoto alimtazama yule kijana, akanitazama mimi, nimesimama mlangoni na mwiko.

"Mwana wa," akasema, akataja jina langu.

Akaendelea na baba yangu, na babu yangu, moja kwa moja mpaka wa saba, bila kukosea. Nilimtazama kaka, ambaye humrudisha mwanzo kila mtoto anayebadilisha hata neno moja. Alikuwa amefumba macho. "Sawasawa," akasema, akamwambia akae.